Mikokoteni Miwili Ikipishana

Mama Kola alikuwa anashona mfuko wa suruali ya shule aliposikia kitu kinasugua ukuta wa nje. Alidhani ni mbuzi wa jirani anajikuna. Akapiga ukuta kwa kiganja.

"Shii! Toka hapo!"

"Samahani mama, tunamalizia," ukuta ukajibu.

Alitoka mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nje alikuta mzee mmoja ameshika kopo la rangi na brashi, na pembeni yake afisa mipango miji wa halmashauri, dada mdogo tu, viatu vimejaa vumbi. Chini ya dirisha lake, dirisha ambalo watu wote wa mtaa walikuja kupimiwa nguo pale, palikuwa na alama ya X, nyekundu, inachuruzika.

"Hii ndiyo nini?"

Yule dada akamwangalia vizuri. "Mama, si wewe uliyekuja ofisini mwezi uliopita? Ukalalamika gari la wagonjwa halifiki kwenu?"

Mama Kola akaivua futi shingoni, akaikunja. Ni kweli alikwenda. Mama mkwe wake alizidiwa mchana, gari la wagonjwa likakwama kwenye kona ya kwanza, na mumewe akambeba mama yake mgongoni mpaka huko, mguu mmoja wa mgonjwa hauna kiatu. Kesho yake Mama Kola akavaa gauni lake zuri akaenda halmashauri, akasema mpaka sauti ikamkauka.

"Basi umesikilizwa," yule dada akasema, na wala hakuwa anamkejeli. "Halmashauri imepitisha kiwango kipya cha barabara kwa makazi mapya. Upana mita tisa. Nyie mna sita, na hapo bado sijahesabu ngazi na mabenchi ya watu. Na barabara ikiwa imeziba mwisho kama hii yenu, lazima pawepo mahali pa kugeuzia gari kubwa. La wagonjwa, la zimamoto, la taka. Bila hivyo bomba la maji haliingii huku. Umeme hauingii."

"Kwa hiyo mnageuzia sebuleni kwangu?"

"Au pale." Akaonesha ng'ambo ya njia, kiwanja cha Seremala, ambacho hakikuwa na kitu zaidi ya majani na mbao zilizopangwa chini ya turubai. Katikati yake walikuwa wamechomeka kigingi chenye kitambaa chekundu. "Ofisi imeweka alama pande zote mbili. Upande gani, mtakubaliana wenyewe Jumamosi kwenye mkutano wa mtaa. Msipokubaliana, mtaa mzima unarudi nyuma ya foleni."

Yule mzee akafunga kopo lake. Mama Kola akarudi kwenye cherehani, akakanyaga, uzi ukakatika. Akautia tena, ukakatika tena.

Kufika jioni, kigingi cha kiwanja cha Seremala hakikuwepo. Alama ya ukutani ilikuwepo.

*

Mumewe alirudi na ndoo yake ya vifaa. Watu walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye risasi ambayo fundi mwashi anaining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa kweli. Hata sahani ya chakula alikuwa anaisogeza kwanza ilingane na ukingo wa meza. Zaidi ya nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa kazi ya mikono yake. Akasimama mbele ya alama, akaigusa, akaangalia kidole.

"Haijakauka."

"Ndicho ulichoona wewe, haijakauka?" Mama Kola akasema.

"Mie nilidhani wamekuja kupaka nyumba nzima," Bibi, mama yake, akasema kutoka kitandani kwake, pale dirishani. "Nikamshukuru Mungu. Maana huyu mwanangu anapendezesha za watu tu."

Hakuna aliyecheka. Binti yao aliyekuwa anafanya hesabu za shule sakafuni aliinamisha kichwa zaidi.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbele, basi. Nyuma ulikuwepo msingi wa vyumba vingine vitatu, majani yameota ndani. Watu wengi huanza kujenga nyuma wakaja mbele polepole. Wao walianza mbele, kwa sababu Mama Kola alitaka dirisha la kazi lionekane na wapita njia. Kwa hiyo halmashauri ikichukua mbele, inabaki bustani ya zege.

"Watachukua cha Seremala," Timazi akasema akinawa mikono. "Kitupu kile. Nani mwenye akili timamu avunje nyumba aache mbao?"

"Watu hawana hasira na mbao, baba watoto."

"Wana hasira na nani?"

"Leo nimepita dukani. Mke wa dereva anavunja ngazi yake. Muuza mkaa anavunja uzio. Kila mtu mtaa huu ana kitu cha kuvunja, na kila mmoja anauliza kitu kimoja tu. Nani alivuta uzi wa kupima njia?"

Timazi akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Niliuvuta mimi, ndiyo. Mchana, mbele ya watu wote. Tukachukua mkokoteni wa maji na mkokoteni wa mkaa, tukaipitisha. Ikapishana bila kugusana. Watu wakapiga makofi. Seremala mwenyewe ndiye aliyesukuma wa maji, akammwagia yule mama mwenye genge, sote tukacheka mpaka basi."

"Nakuuliza, ulisema nini?"

"Wewe si ulikuwepo?"

"Nataka nikusikie."

"Nilisema mikokoteni miwili ikipishana, njia imetosha." Akatundika taulo, akalinyoosha. "Nani hapa alikuwa na gari? Nani alikuwa na baiskeli, hata?"

*

Siku ya pili Mama Kola aliifunika cherehani akaenda kwenye karakana ya Seremala. Alimkuta anapiga randa ubao wa kitanda, maranda yanamwagikia viatuni. Seremala alimwona, lakini alimaliza ubao mzima kwanza.

"Karibu shemeji. Kaa hapo, ila uangalie misumari."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na chaga. Alikuwa amejipanga njiani aanzie wapi, na sasa maneno yote yamekimbia.

"Shemeji, nimekuja kuomba."

"Najua ulichokuja kuomba."

"Wanachukua kona tu. Afisa alinionesha. Kiwanja chako kinabaki na nafasi ya nyumba. Sisi kwetu inaisha nyumba yote. Mama mkwe wangu hawezi hata kukaa mwenyewe, nitamlaza wapi?"

"Kile kiwanja ni cha kijana wangu. Wakwe zake wamekuja wamekiona. Wamekipima kwa hatua, kona mpaka kona, na yule baba yao ana miguu mirefu." Akapuliza vumbi kwenye randa. "Niwaambie nini, kimesinyaa?"

"Mume wangu atamjengea kijana wako nyumba. Ufundi bure, msingi mpaka linta. Utanunua vifaa tu."

Seremala akaweka randa chini. Hilo lilikuwa jambo kubwa na wote wawili walijua.

"Amekutuma yeye?"

"Nimejituma."

Mlangoni akapita mteja, akasalimia, Seremala akamwambia aje kesho. Halafu akasogea, akashusha sauti kama vile mbao zina masikio.

"Sikiliza, shemeji. Mimi hapa nina shida yangu. Watu wanasema tulikuwa wawili. Eti yeye alivuta uzi, mimi nikasukuma mkokoteni, tukawadanganya. Mke wangu kasemwa dukani mpaka kalia. Sasa, siku ya mkutano mumeo asimame aseme ni yeye. Aseme alikosea, aombe radhi, mimi anitoe. Akishasema hivyo, watu roho zitatulia, na mimi nasimama palepale nasema chukueni kiwanja changu. Na ufundi bure."

"Aseme tu?"

"Aseme tu. Maneno hayavunji nyumba."

Mama Kola akasimama, maranda yamemganda kwenye gauni. Alimshukuru mara nyingi mno. Akiwa njiani alijisikia aibu kwa kule kushukuru, lakini alitembea haraka, na kwa mara ya kwanza tangu alama ipigwe alihisi njaa.

*

"Siwezi," Timazi akasema.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Mkewe alikuwa amempigia pasi shati jeupe, lile lenye kola ambayo ndiyo iliyompa yeye jina la Mama Kola mtaani, kola isiyolala hata ikifuliwa mwaka mzima.

"Huwezi nini?"

"Fundi akisema alikosea kupima, kesho anaitwa na nani? Watanipa nini nijenge, banda la kuku? Na hata kuku mwenyewe ataingia kwa wasiwasi."

"Na nyumba ikivunjwa?"

"Hawataivunja. Nitawaeleza. Nitawakumbusha siku ile, kila mtu alivyokuwa anacheka."

"Hakuna anayekumbuka kicheko, wewe! Wanakumbuka uzi!" Alikuwa amepandisha sauti, akaishusha kwa ajili ya mama mkwe. "Mimi ndiye niliyekwenda halmashauri. Unadhani nalala? Kila nikifumba macho namwona yule dada anaandika. Nimeileta mwenyewe hii barabara. Basi nisaidie kuitoa humu ndani."

Timazi akaangalia shati. Hakuwa amewahi kumsikia mkewe akiomba hivyo, hata siku ya uchungu wa kujifungua. Siku ile alitukana tu.

"Sema, mwanangu," Bibi akasema. "Mimi nimemwambia baba yako nimekosea miaka yote tuliyoishi, na sikuwahi kukosea hata mara moja. Nilikufa?"

Timazi akavaa shati. Vifungo vyote, mpaka cha juu.

*

Mkutano ulifanyika palepale mwisho wa njia, katikati ya nyumba na kiwanja kitupu. Watu walikuja na viti vyao. Wengine walikaa kwenye ngazi ya Mama Kola, ile wanayokaa wakisubiri kupimiwa, na mke wa dereva alisema kwa sauti, "Tukaeni, mwisho wake ndio huu," watu wakaguna kicheko. Afisa alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Mwenyekiti wa mtaa alisimama, akaeleza mita tisa, akaeleza kugeuza gari, akaeleza maji na umeme. Kwenye maji na umeme watu walitikisa vichwa kukubali.

"Sasa tuamue upande," akasema. "Nani anataka kusema kwanza?"

Timazi akanyoosha mkono. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bibi, ambaye walimtoa nje akiwa amefungwa kwa kanga kitini asianguke. Bibi alisisitiza atolewe. Alitaka kusikia.

"Jirani zangu," Timazi akaanza. Alitazama mahali pasipo na mtu. "Ule uzi wa njia niliuvuta mimi. Seremala alisaidia kusukuma tu, hakujua lolote. Nilipima kwa mikokoteni, sikufikiria gari. Nilikosea. Naomba mniwie radhi."

"Sauti!" muuza mkaa akapiga kelele kutoka nyuma. "Huku hatujasikia kitu!"

Jasho lilikuwa limeanza kuloweka ile kola.

"Nimesema nilikosea. Naomba radhi."

"Eeeh, hapo sawa."

Mama Kola aligeuka akamtazama Seremala. Seremala alikuwa amekaa mbele kabisa, mikono magotini, na alikuwa ameanza kuinuka. Hilo kila mtu angeweza kuliona, makalio yalikuwa yameshaachana na kiti, na mdomo ulikuwa wazi. Lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa kupenda mikutano mifupi.

"Basi jamani, kazi imekuwa rahisi," akasema. "Mwenyewe kakiri mbele yetu. Aliyekosea ndiye amekosea. Sioni sababu ya kumwadhibu mtu mwingine na kiwanja chake. Au mnaonaje?"

"Ndivyo!" sauti nyingi zikajibu.

"Wanaokubali pageuziwe upande huu wa fundi, mikono juu."

Mikono ikapanda. Wa mke wa dereva, ambaye gauni la harusi ya bintiye lilishonwa dirishani pale. Wa muuza mkaa. Ya watu ambao Timazi aliwajengea akawangojea miezi mpaka wamalize kulipa. Seremala alikuwa bado amesimama nusu, kama mtu aliyeshikwa kiuno.

"Shemeji!" Mama Kola akaita. "Sema! Si tulikubaliana? Sema!"

Watu wote wakamgeukia Seremala. Akafunga mdomo, akaufungua. Mkewe aliyekaa pembeni yake alimshika shati kwa chini, kidogo tu, vidole viwili.

"Shemeji," akasema, "watu... watu si wameshaamua."

Akakaa. Halafu, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa bado yanamwangalia, naye akanyoosha mkono.

Afisa akasimama. "Ndugu zangu, mna uhakika? Upande ule hauna nyumba. Upande huu kuna watu wanaishi, kuna mgonjwa."

"Dada, si ulisema tukubaliane wenyewe?" mwenyekiti akamuuliza, kwa heshima kabisa. "Tumekubaliana."

Yule dada akabaki ameshika mkoba. Aliwaambia Timazi na mkewe, kwa sauti ya chini, kwamba halmashauri itawafikiria kiwanja kingine viwanja vikipatikana. Mama Kola akamuuliza lini. Akasema vikipatikana. Akamuuliza wapi. Yule dada akasema, "Pole sana, mama," na macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini alama ilibaki ukutani.

Watu walibeba viti vyao wakaondoka. Timazi alibaki amesimama palepale alipoombea radhi. Bibi akamwita.

"Njoo unifungue, kanga inanibana." Alipoinama kumfungua, akamshika shavu. "Mimi ndiye niliyekwambia useme."

"Hapana mama. Ilibidi niseme."

"Usinidanganye, mimi ni mtu mzima."

*

Waliambiwa wakivunja wenyewe watabaki na tofali zao, na wakingoja halmashauri ivunje, zitachukuliwa kama kifusi. Kwa hiyo Timazi akavunja mwenyewe. Mabati yalitoka asubuhi moja. Ukuta ukakataa.

Alipiga nyundo mpaka mpini ukapasuka, na tofali la kwanza halikutoka. Saruji aliyotia humo ilikuwa ya kipimo kamili, kama ya nyumba ya tajiri. Nyumba alikuwa ameijenga Jumapili, moja moja, siku ambazo alikuwa hana kazi za watu, na kila mstari aliupima mara mbili. Watu walisimama mbali kidogo wakamwangalia.

"Si ungelipua kazi kidogo tu," Mama Kola akasema. Alikuwa amekaa juu ya cherehani iliyofungwa kwa shuka. "Nyumba zote za mtaa huu, hii yetu ndiyo ungelipua."

Akaanza kucheka. Timazi naye akacheka, nyundo mkononi, na kicheko kikaenda kikageuka kilio, mpaka binti yao akaingia msingini nyuma akajifanya anang'oa majani.

Siku ya tatu Seremala alikuja na mkokoteni umebeba mbao nane na turubai, akavishusha bila kusema. Vilikuwa vya kutosha kibanda juu ya msingi, kitanda cha Bibi kikae pasiponyesha. Mama Kola alikuwa ameapa kwamba mtu yule akikanyaga kwake atammwagia maji. Alisimama akaangalia zile mbao. Aliangalia mawingu. Akasema, "Asante, shemeji," na usiku na mchana baada ya hapo neno hilo ndilo lililomuuma kuliko nyumba yenyewe.

Tinga lilikuja likasawazisha. Likachonga njia yote mpaka mita tisa, likamwaga kokoto, likashindilia. Pale palipokuwa na vyumba viwili pakawa na uwanja wa duara, mzuri, wa mviringo. Mabomba ya maji yalishushwa kandokando ya njia, na watu walitoka kuyahesabu na kuyagonga wakisikiliza yanavyolia. Bomba halikufika kwenye msingi wa Timazi. Msingi hauunganishiwi maji, walisema, mpaka iwe nyumba.

Siku ya kukagua, halmashauri ilileta gari la zimamoto, lile kubwa, jekundu. Lilikuja polepole kutoka barabara kuu, watoto wanakimbia nyuma, na halikugusa kitu mtaa mzima. Afisa alitangulia kwa miguu akirudi kinyumenyume, akipunga mikono. Watu walijaa pande zote mbili. Timazi alikuwa ametoka kibandani, amevaa nguo za kazi ingawa mwezi ule wote hakuna aliyemwita kazini.

Gari likaingia kwenye duara. Gurudumu la mbele likapita palipokuwa na dirisha, la nyuma likapita palipokuwa na kitanda cha Bibi. Likazunguka mara moja, bila kurudi nyuma hata kidogo, likasimama limeelekea lilikotoka.

"Limepita?" Bibi akauliza kutoka chini ya turubai.

"Limepita, bibi," binti akajibu.

Dereva akatoa kichwa nje, amefurahi kabisa, mtu ambaye hakuwa anamjua yeyote pale.

"Safi sana!" akawaambia watu. "Hapa hata mawili yanapishana!"

Watu wakapiga makofi. Timazi naye aliinua mikono, akapiga mara moja, akapiga tena, halafu akaiangalia kama ya mtu mwingine, akaishusha.